Mbwa Niliyemwomba

Memsahibu aliniita barazani asubuhi moja ya kiangazi, akaniambia bwana wake amemaliza mkataba na serikali na wao wanarudi kwao Uingereza. Alikuwa amempakata mbwa, machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nimejitwika kapu la nguo za kuanika, na kwa vile nilikuwa nimemfanyia kazi miaka saba, nilidhani analia kwa sababu tunaachana. Nikatua kapu chini ili nimpe pole vizuri.

"Mbwa hawezi kwenda," akasema. "Yeye mzee sasa. Melini shida, halafu kule wanafunga mbwa wa Afrika miezi sita, peke yake, kabla ya kumpa mwenyewe. Atakufa kwa huzuni."

Nikasema pole, nikainua kapu langu nikaenda kuanika.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, ingawa sisi wa Tabora hatukujua bado kwamba ni ya mwisho. Bwana alikuwa mpima ardhi. Mimi niliajiriwa kuwa yaya wa watoto wao wawili, na watoto walipofikia umri wa kusoma walipelekwa shule ya bweni kwao, nikabaki na mbwa. Alikuwa dume, mdogo, mweupe, sikio moja la kahawia, miguu mifupi kama ya kigoda. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumchana manyoya, kumtoa kupe masikioni na katikati ya vidole, na jioni kumtembeza kwa kamba kwenye ile barabara ya zamani ya misafara. Watu waliokuwa wakirudi kutoka mashambani walisimama kunitazama: mwanamke mzima, amevaa gauni la kazi, anavutwa na kijibwa. Wengine walicheka, wengine walinionea huruma. Bora wale waliocheka.

Nilimpenda mbwa yule, sitakataa. Nilikuwa nimeolewa miaka tisa na sikuwa na mtoto. Uani kwetu kila mwanamke aliitwa mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi niliitwa Yaya, hata na mume wangu, maana hapakuwa na jina lingine la kuniita. Mbwa alikuwa akinisikia kwa mbali nikifungua geti asubuhi, anakuja mbio mpaka anajikwaa. Sijui mtu mwingine aliyewahi kunikimbilia vile.

Wiki zilizofuata memsahibu alitafuta mtu wa kumwachia. Aliifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko alivyofunga masanduku. Aliwaalika wenzake chai, mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na paka. Mwingine naye alikuwa karibu kuondoka. Wa tatu alisema mume wake hapendi manyoya nyumbani. Alimwandikia padri mmoja wa seminari ya Kipalapala, naye akajibu kwa upole kwamba mbwa wao wa ulinzi ni wakubwa na wakali, watamrarua huyu siku hiyo hiyo.

Siku moja nilipeleka sinia la chai barazani, memsahibu akiwa na mgeni. Kiingereza changu kilikuwa cha kusikia, si cha kusema. Nilimsikia akieleza kwamba ameshaongea na bwana mifugo. Kama hatapatikana mtu mzuri hapa Tabora, mbwa atapigwa sindano, alale moja kwa moja, asije akateseka mikononi mwa watu wasiojua.

"Na hakuna mtu mzuri," akasema. "Nimetafuta kote."

Nilikuwa nimesimama mbele yake, namimina chai.

Mgeni alipoondoka nilirudi kuchukua vikombe. Nikasema, "Memsahibu, huyo mbwa nipe mimi."

Hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali. Alinitazama juu mpaka chini, kama mtu anayekagua kitambaa kabla hakijakatwa, akasema, "Lazima mimi nione nyumba yako kwanza."

Nyumba yenyewe haikuwa yangu. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja mtaa wa Gongoni kwa bibi mmoja wa Kiarabu. Babu yake alikuja Tabora na misafara ya biashara, akajenga nyumba pana ya udongo yenye kuta nene na mlango wa kuchonga. Misafara ilikufa, reli ikaja, mali ikaisha, na mjukuu akabaki na vyumba vya kupangisha na heshima yake. Alituweka wapangaji watatu, sisi peke yetu Wakristo, na siku za Krismasi alikuwa akituletea sahani ya halua iliyofunikwa kitambaa. Mimi nilimwita Bibi, yeye aliniita mwanangu.

Memsahibu alikuja Jumamosi, kwa gari. Watoto wa mtaa wote walilizunguka. Mume wangu alikuwa safarini. Alikuwa akichochea moto kwenye kichwa cha treni ya Kigoma, na mara nyingi wiki iligawanyika nusu nyumbani nusu njiani. Nilikuwa nimefagia uani mara mbili, nimetandika shuka jipya, nimeazima kiti. Memsahibu hakukaa. Alisimama katikati ya chumba changu, mkoba mkononi, akaanza kuuliza.

"Mbwa atalala wapi?"

"Chini ya kitanda, kwenye blanketi lake."

Aliinama akatazama chini ya kitanda.

"Atakula nini?"

"Nyama, memsahibu. Na wali."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Mwezi ule nyama tulikuwa tumeila Jumapili moja.

"Wewe ukienda safari, nani ataangalia?"

"Mume wangu."

"Yeye anapenda mbwa?"

"Sana."

Alikwenda dirishani, akapima kwa macho kama mbwa anaweza kuruka. Akaujaribu mlango kama unafunga. Kisha akauliza, "Na mwenye nyumba? Amekubali?"

Bibi alikuwa chumbani kwake upande wa pili wa ua, anasoma Kurani kwa sauti ya chini. Sikuwa nimemwambia neno lolote.

"Amekubali," nikasema.

Hayo maswali yalikuwa ya haki. Mtu anayetoa kiumbe chake kwa mwingine anapaswa kuuliza, na laiti ningeyajibu kwa kweli, mengi yaliyofuata yasingetokea. Lakini nilipokuwa nimesimama pale na kanga yangu safi nilikuwa nawaza jambo jingine. Miaka saba mwanamke huyu hakuwahi kuniuliza mimi nalala wapi. Hakuwahi kuuliza nakula nini. Mwaka mmoja niliugua homa siku tisa, naye alimtuma mpishi aje aulize nitarudi lini. Leo alikuja kwa gari mpaka mlangoni pangu na akainama kutazama chini ya kitanda, kwa ajili ya mbwa. Nikasema moyoni, nitampata huyu mbwa hata kwa kusema uongo, ili aondoke Tabora akijua kwamba mtu mzuri alikuwepo.

Kwa hiyo sikumwomba kwa mapenzi peke yake. Nilitaka kushinda.

Alinipa. Alinipa na blanketi, bakuli la bati, kitana, na karatasi iliyoandikwa kwa mashine, ya Kiingereza. Akanishika mkono, akasema, "Kama huwezi, usimtupe njiani. Mpeleke kwa bwana mifugo. Ahidi." Nikaahidi. Siku ya safari nilikwenda stesheni na mbwa, kwa sababu alitaka kumwona mara ya mwisho. Alimbusu kichwani mara nyingi. Mimi alinipa mkono, akasema asante, akapanda. Treni ilipoondoka mbwa aliivuta kamba mpaka akajikaba, akalia kama mtoto mchanga, na abiria wa daraja la tatu walichungulia madirishani kuona ni nini. Nikamfunika kwa blanketi lake, nikambeba mikononi akilia mpaka nyumbani.

Mume wangu alirudi siku ya pili. Alimkuta mbwa amelala mlangoni, akamruka, akaingia.

"Huyu ni wa nani?"

"Wetu."

"Umemuuliza nani?"

Nilimsogezea beseni la maji. Hakuwa mtu wa makelele. Alinawa masizi mikononi, akakaa, akaichukua ile karatasi, maana yeye alikuwa amejifunza kusoma Kiingereza kidogo kazini. Alinisomea kwa shida, mstari kwa mstari. Maji ya mbwa yachemshwe. Mfupa wa kuku marufuku. Achanwe kila siku. Asiachwe juani. Asiachwe na watoto wanaomchokoza.

"Maji yachemshwe," akasema tena. "Yaya, hata mimi sinywi maji ya kuchemsha."

Nilicheka, nikidhani anatania. Yeye hakucheka.

"Wao wamekwenda," akasema. "Kazi huna. Tulikuwa wawili tunaokula kwa mishahara miwili. Sasa tuko watatu."

Mbwa alianza kula tulichokula: ugali wa mtama, mchuzi wa dagaa wa Kigoma, siku nyingine matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Vilimvimbisha tumbo. Manyoya yakaanza kunyonyoka mgongoni. Niliendelea kumtoa kupe, niliendelea kumchana, na maji nilimchemshia kweli, lakini nyama niliyoahidi sikuwa nayo. Na mchana nilipotoka kutafuta kazi nilimfunga kwenye mguu wa kitanda, akalia mpaka nirudi. Watoto wa uani wakapata jina la kuniita. Mama Mbwa. Walikuwa wadogo, hawakujua wanasema nini. Mama zao walijua, wakainamisha vichwa kwenye nyungo zao ili nisiwaone wanatabasamu.

Bibi alivumilia karibu mwezi. Kisha siku moja, kabla ya sala ya adhuhuri, mbwa alijinasua kwenye kamba, akaenda akatumbukiza mdomo kwenye ndoo ambamo Bibi alikuwa ameteka maji ya kutawadha. Nilifika mbio, nikamkuta Bibi amesimama na mbwa anaendelea kunywa. Hakumpiga. Aliyamwaga maji, akachota udongo, akaisugua ile ndoo kwa udongo, kisha akaisuuza kwa maji, mara saba kwa jumla, na mimi nimesimama namhesabia kimoyomoyo. Alikuwa mzee, mgongo unamuuma. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa mkono.

Alipomaliza alisema, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na mbwa. Mungu kamuumba. Lakini hapa ndipo ninaposalia, sina pengine. Ulipomleta ungeniambia."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Sikufukuzi wewe. Yeye mtafutie mahali. Utafute taratibu, usimtese, lakini utafute."

Ningependa kusema kwamba alinionea. Hakunionea hata kidogo.

Basi nilikuwa bado najiuliza pa kumpeleka, mama mkwe wangu alipofika. Alikuja na treni ya asubuhi kutoka kijijini kwao Tura, bila kutuma habari. Nilimwona anaingia uani na kikapu kichwani, anatembea upesi kuliko umri wake, uso unang'aa. Nilipiga magoti nikamwamkia. Akaniinua, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Mtoto."

"Mtoto gani?"

"Kuna mtu wa kwetu alikuwa stesheni hapa Tabora," akasema. "Alikuona kwa mbali umebeba kitu kwenye blanketi, kinalia. Akaja kutuambia. Nikasema hawa watoto wamenificha, wanaogopa macho ya watu, sitangoja kuitwa. Yuko wapi?"

Mbwa alikuwa amelala ndani kwenye lile blanketi. Alisikia sauti ngeni, akatoka akaja kusimama miguuni pangu, na nusu ya blanketi ikimfuata.

Mama mkwe alitazama mbwa, akatazama blanketi, akanitazama mimi. Kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango, kikapu mapajani. Ndani ya kikapu mlikuwa na kibuyu cha asali, kuku amefungwa miguu, na shanga ndogo nyeupe za kiunoni mwa mtoto mchanga alizotunga mwenyewe. Alizitoa, akazikunja kwenye pindo la kanga yake, akafunga fundo.

"Basi," akasema. "Watu huona vibaya kwa mbali."

Sikumbuki niliyomjibu. Nakumbuka kwamba nilimchinja yule kuku nikampikia, na nikajikata kidole.

Alikaa siku tatu. Hakunisema hata mara moja, wala mbele ya mwanawe. Na siku ya tatu, akijiandaa kurudi, alinifanyia wema mkubwa ambao nimeutambua baadaye mno. Alikuwa amesikia habari ya Bibi na ile ndoo. Akasema, "Nipe huyo mbwa. Nitakwenda naye nyumbani. Nitasema nilikwenda kuchukua mbwa. Watu wakiuliza nilifuata nini mjini, watamwona."

Alikuwa anataka kunisitiri. Alikuwa tayari yeye mwenyewe achekwe kijijini, arudi na kijibwa cha Kizungu mahali pa mjukuu, ili mimi nisisemwe. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu hivi:

"Atalala wapi, mama?"

"Atalala wapi? Nje, na wenzake."

"Wenzake ni wakubwa, mbwa wa kuwinda. Watamuua. Na huko kwenu porini kuna mbung'o. Mbwa wa namna hii akiumwa na mbung'o haishi wiki. Na atakula nini?"

"Tunachokula."

"Tumbo lake halivumilii. Na wewe ukienda shamba, nani atamwangalia?"

Nilikuwa nasema kweli. Mbung'o wa upande ule wameua mbwa wengi, na ng'ombe pia. Lakini sauti niliyosemea haikuwa yangu. Nilimwona mama mkwe akijinyoosha polepole, kama mtu aliyekanyaga mwiba na hataki mwenye shamba ajue.

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Mimi niliyemlea mume wako katika nyumba hiyo hiyo? Unanipima kama nafaa kufuga mbwa?"

"Hapana, mama, ni kwa ajili ya—"

"Nimesikia."

Alijitwika kikapu. Mume wangu, ambaye alikuwa akinyoa ndevu mlangoni na amesikia yote, aliweka wembe chini akamsindikiza mama yake stesheni. Aliporudi hakuniita Yaya wala jina lolote. Aliniambia tu, "Mtoe huyo mbwa. Popote."

Nilifikiri juu ya ahadi yangu ya bwana mifugo. Siku moja nilimchukua mbwa mpaka karibu na ofisi yake, nikasimama upande wa pili wa barabara. Mbwa alikaa juu ya miguu yangu kama alivyozoea. Alikuwa mzee kidogo, kweli, lakini macho yake yalikuwa safi, na bado alikuwa anakimbilia kila kipepeo. Nikamrudisha.

Ndipo mpishi wa zamani wa memsahibu, niliyekutana naye sokoni, akaniambia kuna mwalimu wa Kizungu amehamia mjini, na mke wake ameonekana akiwabembeleza mbwa wa barabarani. Nikamwogesha mbwa, nikamchana pale palipobaki manyoya, nikavaa gauni langu la kazi, nikaenda. Nilikuwa na nia mbili, nazo zote zilikuwa halali. Nilitaka mbwa apate mahali, na nilitaka kazi. Niliwaza tutakwenda pamoja, mimi na yeye, kama kitu kimoja.

Mke wa mwalimu alikuwa kijana, mcheshi, Kiswahili chake kizuri kuliko cha memsahibu. Alipomwona mbwa alipiga magoti kwenye changarawe.

"Maskini! Amekonda hivi kwa nini?"

"Alikuwa wa memsahibu mmoja aliyekwenda Uingereza," nikasema. "Aliniachia mimi. Nilikuwa namtunza miaka yote. Nafahamu kazi ya yaya, kufua, kupiga pasi, na mbwa."

"Kumbe wewe ndiye ulikuwa unamlisha?" Alimpapasa mbavu. "Hamkumpa nyama?"

Nililitazama lile bakuli la bati mkononi mwangu.

"Tutamchukua," akasema. "Tutamchukua leo hii. Yaya tunaye tayari, tumekuja naye kutoka Dodoma. Lakini mbwa tutamchukua, asante sana."

Nilimpa kamba. Nilimpa blanketi, bakuli na kitana. Ile karatasi nayo nilimpa, akaisoma haraka haraka, akatabasamu. Sikumuuliza mbwa atalala wapi. Sikumuuliza atakula nini, wala mume wake anapenda mbwa au hapendi, wala wao mkataba wao utakapokwisha huyu atabaki na nani. Mama mkwe wangu, aliyenipa mwanawe, nilimhoji kama karani. Mbele ya mwanamke huyu, niliyemjua kwa dakika kumi, ulimi haukuinuka.

Mbwa alinifuata mpaka getini. Aliivuta kamba. Sikugeuka. Nilisikia anabweka nilipokuwa nimeshafika kwenye kona, kisha akanyamaza, nadhani walimpa kitu.

Baada ya hapo nilianza kupika vitumbua na kuviuza nje ya soko. Bibi ndiye aliyenifundisha kuvikaanga, na alinikopesha chungu chake, na kwa kweli tuliishi naye vizuri mpaka mwisho. Mbwa nilimwona mara moja tu. Ilikuwa baada ya mvua, asubuhi, mke wa mwalimu anapita na kikapu cha mboga, na mbwa mbele yake kwa kamba mpya ya ngozi. Alikuwa amenenepa. Manyoya yote yameota. Alinusa hewa, akanyanyua kichwa, akaja mbio akanirukia kifuani, akaangusha sahani ya vitumbua, akawa ananilamba uso na kulia.

Yule mwanamke alikuja akamvuta nyuma, amejaa aibu.

"Samahani sana, mama," akaniambia. "Usiogope. Haumi."

Hakunikumbuka. Nilisema siogopi. Akainama anisaidie kuokota vitumbua kwenye tope, akaona havifai, akataka kunilipa, nikakataa. Alimwita mbwa kwa jina walilompa wao, si lile nililolijua, na mbwa akaitikia, wakaenda zao.

Nilipomsimulia mume wangu alisema, "Si yuko vizuri? Ulitaka nini zaidi?" Na hakika mbwa alikuwa vizuri. Katika wote tulioguswa na jambo lile, yeye peke yake ndiye aliyetoka salama.

Mwaka uliofuata nilipanda treni kwenda Tura kumwomba radhi mama mkwe. Nilichukua sukari, sabuni na kanga pea moja. Alinipokea kwa salamu zote za Kinyamwezi, za mtu, za shamba na za mifugo, hakuruka hata moja. Akatandika mkeka nje, kivulini, akaniletea maji ya kunawa na chakula kizuri, akakaa mbali kidogo nikila. Nilisema yote niliyokwenda kusema. Alisikiliza, akasema yamekwisha.

Lakini mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa, na hakuufungua muda wote nilipokuwa pale. Mvua ilipoanza kunyunya alihamisha mkeka hadi chini ya uchaga wa mahindi. Nilipoinuka kuchukua ndoo nikateke maji, kama mkwe anavyopaswa, aliitwaa mkononi mwangu.

"Kaa tu, mgeni," akasema.

Aliniita hivyo mpaka alipofariki.